Muziki wa Sebule Ndogo: Wati, Kuta na Majirani

Mtu akiingia kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo kutafuta muziki wa sebuleni, swali la kwanza huwa ni wati. Muuzaji hugeuza boksi lenye picha ya spika zinazowaka taa, huonyesha namba kubwa iliyochapwa pembeni, kisha hupandisha sauti hadi vioo vya kabati vitetemeke na kusema, "Bosi, hii inasikika mpaka barabarani." Kwa mwenye baa au ukumbi hiyo ni sifa. Kwa mtu aliyepanga chumba na sebule Sinza, Tabata au Mbagala, au anayeishi kwenye ghorofa la Upanga ambako ukuta wake ndio ukuta wa jirani, kusikika mpaka barabarani ni kasoro, na namba iliyo kwenye boksi ni jambo la mwisho analopaswa kulitazama. Katika nafasi ndogo, sauti huamuliwa kwanza na chumba chenyewe, kisha na umbali kati ya msikilizaji na spika, kisha na kile anachokisikiliza, na kifaa hufuata baada ya hayo yote.

Wati zisizokuwepo

Tuanze hata hivyo na wati, kwa sababu ndizo zinazowamaliza watu fedha bila faida. Soketi za nyumba za Tanzania hutoa umeme wa volti 230, na plagi ya pini tatu tunayoitumia ina ukomo wa ampea 13. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati 2,990, na hiyo ndiyo nguvu yote inayoweza kutoka ukutani kupitia plagi moja, iwe ya pasi, ya jagi la kuchemshia maji au ya redio. Kwa hiyo boksi lililoandikwa wati 10,000 linadai jambo ambalo fyuzi ya plagi isingeliruhusu hata kwa nusu yake. Namba za namna hiyo mara nyingi hufuatana na herufi PMPO, kipimo cha matangazo kisichokuwa na kanuni moja inayokubalika, ambacho kila kiwanda hukikokotoa kinavyotaka. Namba yenye maana ni ile inayofuatana na herufi RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, na hata hiyo inafaa ilinganishwe na kibandiko cha nyuma ya kifaa kinachotaja kiasi cha umeme kinachotumika. Kifaa kinachovuta wati 60 kwenye soketi hakiwezi kupeleka wati 300 kwenye spika mfululizo. Ngoma inapopigwa kinaweza kuruka juu ya kiwango hicho kwa kufumba na kufumbua, kwa kutumia akiba iliyo kwenye kapasita zake, kisha kikarudi pale pale.

Chumba kidogo basi kinahitaji kiasi gani? Spika ndogo ya nyumbani iliyotengenezwa vizuri hutoa takriban desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ikipimwa kwa umbali wa mita moja. Msikilizaji akikaa mita mbili, sauti hiyo katika eneo la wazi hupungua kwa desibeli sita. Spika ya pili huongeza kama desibeli tatu, na kuta hurudisha sehemu nyingine. Maana yake ni kwamba wati moja tu kwa kila spika humfikishia mtu aliyekaa kwenye kochi desibeli 83 au zaidi, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu desibeli 60. Ni kweli kwamba muziki haukai mahali pamoja, kwa kuwa tarumbeta au ngoma inaweza kupanda ghafla desibeli 10 hadi 15 juu ya wastani, na kila desibeli 10 hudai nguvu mara kumi. Lakini hata tukihesabu vilele hivyo, wati 10 hadi 30 za kweli kwa kila spika zinamtosha mpenda kelele. Anayetoka wati 50 kwenda 100 hununua desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaitambua ila haliishangai. Na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kiwango ambacho wati ile moja imekwisha kukipita.

Habari njema kwa wanaohesabu uniti za LUKU ni kwamba muziki wa ukubwa huu haumalizi umeme. Kifaa kinachotumia wati 50 kikipiga saa nne kila jioni hula sehemu ya tano ya uniti moja. Friji na pasi ndivyo vya kulaumiwa.

Kuta, vigae na kona

Nyumba zetu zimejengwa kwa kufikiria joto, mvua na usafi, wala si sauti. Ukuta wa tofali la saruji uliopigwa lipu na rangi ya mafuta, sakafu ya vigae, dirisha la aluminiamu na dari ya jipsamu, vyote hivyo huirudisha sauti badala ya kuimeza. Kuna jaribio lisilogharimu kitu: simama katikati ya sebule, piga kofi moja kali, kisha usikilize. Ikiwa baada ya kofi inafuata sauti nyembamba inayotetemeka kama waya uliovutwa, ujue sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana, na kwamba spika yoyote utakayoileta humo itafanyiwa hivyo hivyo. Hii ndiyo sababu watu hulalamika kuwa wanasikia muziki wa filamu lakini hawaelewi wahusika wanasema nini. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu mwangwi nao unapanda pamoja na maneno.

Dawa yake ni ya fundi wa makochi kuliko ya muuza redio. Zulia lenye manyoya mazito kati ya spika na msikilizaji, makochi ya kitambaa badala ya yale ya ngozi bandia, pazia zito la mikunjo mingi kwenye ukuta mmoja, na rafu ya vitabu au nguo kwenye ukuta unaotazamana nao, hubadilisha sebule kiasi kwamba spika ileile huonekana imepandishwa daraja. Kanga iliyotandazwa ukutani hupendeza, lakini ni nyembamba mno kufanya lolote zaidi ya kupunguza ncha za sauti kali. Trei za mayai, ambazo studio za mitaani zimezipa umaarufu wasiostahili, hufanya kazi ndogo sana kwenye sauti za juu na hazifanyi chochote kwenye besi. Sababu ni ukubwa wa mawimbi: katika joto la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, hivyo wimbi la besi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa mita saba. Trei yenye kina cha sentimita tano haina la kulifanya wimbi la mita saba, na isitoshe inashika moto kirahisi.

Hapo kwenye besi ndipo chumba kidogo kinapokuwa na hila zake kubwa, na ndipo panapofaa kukaa kidogo. Wimbi la besi linapodunda kati ya kuta mbili, kuna sauti moja ambayo nusu ya urefu wa wimbi lake inalingana kabisa na nafasi iliyopo, na sauti hiyo hujazana na kuvuma kuliko nyingine zote. Chukua sebule ya kawaida ya futi 10 kwa 12, ambayo ni mita 3.05 kwa 3.66. Urefu wa mita 3.66 huvuma kwenye hezi 48 hivi, na upana wa mita 3.05 huvuma kwenye hezi 57. Gitaa la besi huanzia hezi 41 kwenye uzi wake mnene zaidi, kwa hiyo mvumo huo unaangukia katikati ya kazi yake. Wimbo wa dansi ambao mpigaji besi anatembea ngazi kwa ngazi utasikika kana kwamba amepewa nguvu kwenye noti mbili na kunyimwa kwenye zilizobaki. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa urefu na upana huvuma kwa sauti moja. Na fundi aliyejenga futi 10 kwa 10 akaweka dari futi 10 juu amemwachia mpangaji mvumo wa tatu juu ya miwili, wote wa hezi 57.

Mvumo huu hausikiki sawa kila mahali. Karibu na ukuta huwa mnene, na katikati ya chumba hupungua hadi karibu kutoweka. Ndiyo maana mtu aliyekaa kwenye kochi lililobanwa ukutani hulalamika kuwa besi inamgonga kifuani, ilhali mwenzake aliyesimama katikati ya sebule anauliza kwa nini sabufa haijawashwa. Wote wawili wanasema kweli. Kulivuta kochi mbele kwa sentimita 30 au 50, pale nafasi inaporuhusu, hupunguza tatizo bila kununua chochote. Sabufa nayo ikiwekwa kwenye kona, ambako ndiko wengi huiweka kwa sababu haiwazuii watu kupita, huupa kila mvumo nguvu zote: sakafu na kuta mbili zinaisukuma sauti upande mmoja.

Njia ya kupata mahali pake ni ya kuchekesha kidogo lakini ni ya mafundi wa kweli. Iweke sabufa juu ya kochi, pale hasa unapokaa, upige wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, halafu utambae sakafuni ukipita kandokando ya kuta huku masikio yakiwa kimo cha sabufa. Kuna sehemu besi itavuma, sehemu itakufa, na sehemu ambako noti zote zitasikika kwa uzito unaokaribiana. Hapo ndipo pa kuiweka, kisha wewe ukarudi kwenye kochi. Jambo hili linafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa hadi pale ni ileile ukigeuza mwelekeo. Watoto watafurahi, na jirani akichungulia utamweleza.

Spika ndogo za pembeni zina sheria nyepesi zaidi. Sauti za juu husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, inapaswa kuwa kimo cha sikio la mtu aliyeketi, si juu ya kabati wala chini sakafuni nyuma ya meza ya runinga. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji zikifanya pembetatu yenye pande zinazokaribiana, mwimbaji husikika amesimama katikati, mahali ambapo hapana spika yoyote. Hiyo ndiyo kazi ya stirio tangu Mwingereza Alan Blumlein alipoiombea hataza mwaka 1931. Sebule ndogo inamudu pembetatu ya mita moja na nusu au mbili kwa urahisi, na kusema kweli hapa ndipo inapoishinda sebule kubwa, kwa sababu mtu aliye karibu na spika husikia zaidi spika na kidogo kuta.

Ukuta wa jirani

Tofali huzuia sauti kwa uzito wake, lakini haliitendei haki kila sauti. Ukuta uleule unaopunguza kwa desibeli sita zaidi kila sauti inapopanda mara mbili kwa hezi, huzidi kupoteza uwezo wa kuzuia kadiri unavyoshuka kwenye besi. Ndiyo sababu muziki wa jirani hufika kwako ukiwa umebaki dundu, dundu, dundu, bila maneno wala kinanda. Kwenye nyumba nyingi za kupanga kuna tundu jingine kubwa kuliko ukuta: kuta za kugawa vyumba huishia kwenye dari, na juu ya dari nyumba nzima ina uwazi mmoja chini ya mabati, hivyo sauti hupanda kwa mpangaji mmoja na kushuka kwa mwingine. Ongeza madirisha ambayo joto la Dar es Salaam halikuruhusu kuyafunga, na utaona kuwa hakuna kizuizi cha kweli isipokuwa kitufe cha sauti.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, ambazo zimeweka viwango vya mchana na vya usiku, vya usiku vikiwa vya chini zaidi, na NEMC imekuwa ikizitumia kwa baa na nyumba za ibada. Sebule ya mtu mara chache hufika huko, kwa sababu kabla ya hapo mjumbe amekwisha kugonga mlango.

Swali la maana kwa mpangaji basi ni namna ya kufurahia muziki kwa sauti ya chini, na hapa kuna jambo la sikio lenyewe. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti ikishushwa, besi hupotea mapema kuliko sauti za kati. Ndiyo maana mtu akipunguza muziki saa nne usiku huuona umekauka, akaongeza tena ili aupate, na ugomvi ukaanzia hapo. Kitufe kilichoandikwa "Loudness" kwenye amplifaya kiliwekwa kwa ajili hiyo: huongeza besi na sauti za juu kidogo pale unaposikiliza kwa sauti ndogo. Saundibaa nyingi zina hali ya usiku ambayo kazi yake ni nyingine, ya kupunguza vishindo na kuinua mazungumzo. Kifaa chenye moja ya vitu hivi kina thamani kubwa kwenye chumba na sebule kuliko wati mia za ziada. Pangaboi ikiwa kasi ya juu nayo hufunika sauti ndogondogo, kwa hiyo kuipunguza ngazi moja kunaweza kuokoa kiasi kizuri cha sauti.

Sponji nene au mpira uliowekwa chini ya sabufa hupunguza mtetemo unaoshuka kwenye zege la jirani wa chini. Hauzuii besi inayopita hewani, na muuzaji anayedai hivyo anauza sponji.

Ninunue nini basi?

Jibu linategemea masikio yanafanya kazi gani nyumbani kwako. Anayesikiliza taarifa ya habari, mpira na tamthilia anahitaji sauti za kati zilizo safi kuliko kitu kingine, kwa sababu maneno ya binadamu yanaishi humo. Runinga nyembamba za siku hizi zina spika ndogo zinazotazama chini au nyuma, na karibu chochote kinachotazama mbele kitazishinda. Kwake yeye, saundibaa fupi isiyozidi upana wa runinga yake, ikiwezekana yenye spika ya katikati kwa ajili ya mazungumzo, inatosha, na sabufa inayokuja nayo inaweza kubaki imepunguzwa hadi chini.

Mpenzi wa muziki, na hasa wa taarabu yenye fidla na kanuni au wa dansi la magitaa matatu la kina Msondo na Sikinde, atafanya vizuri zaidi na jozi ya spika ndogo zenye amplifaya ndani, zenye koni (ile sehemu ya duara inayotetemeka) ya inchi nne au tano. Hazitashuka hadi chini kabisa kwenye besi. Nyingi huanza kuishiwa pumzi kwenye hezi 60 hivi. Lakini tumeona kuwa chumba chenyewe kinavuma hapo, na upungufu huo kwa nafasi ndogo mara nyingi ni nafuu. Mpenzi wa singeli na Bongo Fleva ya klabu hatakubaliana nami, na ana haki ya kununua sabufa, mradi iwe na kitufe chake cha besi peke yake.

Sabufa za spika mbili au tatu za pembeni ndizo zilizojaa mjini, na si vibaya kuzieleza vizuri kwa sababu tatizo lao si besi kuwa nyingi tu. Spika zake za pembeni mara nyingi ni ndogo kama kiganja na haziwezi kupiga sauti za chini, kwa hiyo sabufa hupewa kazi hadi hezi 150 au 200. Sauti ya mwanamume anayeongea huanzia kati ya hezi 85 na 180. Matokeo yake ni kwamba nusu ya sauti ya msomaji habari hutoka usoni pake na nusu nyingine hutoka kwenye boksi lililo chini ya meza. Mifumo bora hukabidhi sabufa kazi kuanzia hezi 80 kwenda chini, kiwango ambacho THX, kampuni ya Marekani ya viwango vya sauti, ilikiweka kwa ajili ya sinema, kwa kuwa chini ya hapo sikio halitambui kwa urahisi sauti inatokea wapi. Ukiwa dukani, angalia basi ukubwa wa koni za pembeni kabla ya ukubwa wa sabufa.

Mfumo wa spika tano na sabufa siupendekezi kwa sebule ya futi 10 kwa 12. Spika za nyuma zinataka nafasi nyuma ya msikilizaji, ilhali nyuma yake kuna ukuta. Waya zake zinakatiza vigae ambapo watu wanapita. Na muziki karibu wote umerekodiwa kwa chaneli mbili. Fedha zilezile zikigawanywa kwa spika mbili badala ya tano na sabufa hununua spika mbili za maana. Spika ya kubeba ya betri, kwa upande mwingine, haidharauliki. Kwa mwanafunzi mwenye chumba kimoja, umeme unaokatika na safari za kuhama kila mwaka, ni jibu la busara, ingawa stirio yake ni ya jina tu.

Kuunganisha

Bidhaa nyingi zilizorudishwa dukani hazina ubovu. Zilikosa waya sahihi. Tazama nyuma ya runinga yako kabla hujatoka nyumbani. Ukiona tundu la HDMI lililoandikwa ARC, teknolojia iliyoanza mwaka 2009, nunua kifaa chenye tundu kama hilo, kwani waya mmoja utapeleka sauti na rimoti ya runinga itaongoza vyote viwili. Ukikosa hilo, kuna tundu la mwanga, lile lenye kimlango kidogo cha plastiki kinachotoa taa nyekundu, ambalo Toshiba ililianzisha mwaka 1983. Sabufa nyingi za bei nafuu hazina hilo wala lile, bali zina tundu la nyekundu na nyeupe tu, na runinga mpya zinaendelea kuliacha tundu la hedifoni. Hapo utahitaji kiboksi kidogo cha kubadilisha mwanga kuwa sauti ya kawaida. Kikifika nyumbani kikawa kimya au kikitoa mkwaruzo mtupu, usikirudishe kabla hujaingia kwenye mpangilio wa sauti wa runinga na kubadilisha kutoka Dolby (sauti iliyofungashwa kwa namna maalumu) kwenda PCM (sauti ya dijitali isiyofungashwa), kwa sababu viboksi vingi vya bei ndogo havielewi Dolby.

Blutuuthi inafaa kabisa kwa muziki wa simu. Kwa runinga inaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi hadi ya tano ya sekunde, kiasi cha kutosha midomo na maneno kupishana. Na kama spika zinatoa mngurumo mzito wa kudumu mara tu unapochomeka waya wa king'amuzi, huo ni umeme wa hezi 50 unaozunguka kati ya waya wa dishi na waya wa soketi. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Mara nyingi inatosha. Usiikate pini ya athi, ushauri ambao husikika mitaani na ambao unaweza kumuua mtu.

Dukani na kwenye mtumba

Muuzaji atakupigia wimbo aliouzoea kwa sauti ya juu. Mwombe afanye kinyume: aweke mtu anayeongea, habari au mahubiri, kwa sauti ndogo, nawe usogee hadi umbali utakaokaa nyumbani. Ukielewa kila neno katikati ya kelele za Kariakoo, spika hiyo ni nzuri. Kisha azime muziki bila kuzima kifaa, uweke sikio karibu usikilize kama inapumua au inanguruma, halafu uzungushe kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza kikiwa kipya, kitakuwa kibaya zaidi baada ya mwaka wa hewa ya chumvi. Washa tochi ya simu umulike nyuma ya wavu, kwa sababu baadhi ya spika ndefu zenye taa huwa na koni za mapambo zisizounganishwa na chochote.

Mitumba kutoka Ulaya na Japani inaweza kukupatia spika ambazo kwa bei ya mpya usingezigusa. Kagua ukingo laini unaoshika koni: ukiwa wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole, na ukimeguka kama mkate mkavu, spika hiyo inahitaji fundi kabla haijapiga, wa mpira hudumu zaidi katika unyevu wetu. Kagua pia kona za chini za boksi, kwani mbao za vumbi lililogandishwa huvimba zikinywa maji. Kwa amplifaya na redio za Japani soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Japani hutumia volti 100, na kifaa hicho kwenye soketi yetu huungua papo hapo. Kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, ambayo bei yake iingize kwenye hesabu. Redio yake ya FM nayo hukamata kuanzia megahezi 76 hadi 90 au 95 kulingana na umri wake, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108, kama wanavyojua wote walionunua gari kutoka huko wakakuta redio haisomi nusu ya stesheni za mjini.

Kifaa kipya au cha mtumba, umeme ukikatika kichomoe, kwa sababu madhara mengi hutokea unaporudi kwa kishindo. Na kabla hujalipa, kubaliana na muuzaji siku za kurudisha, aziandike pamoja na namba ya kifaa nyuma ya risiti ya EFD, kwa maana spika haijajaribiwa mpaka iwe imepigwa ndani ya kuta zako mwenyewe.